Sita gawanya kwa sifuri si sifuri

Wengi tumekua tukiamini kwamba 6 ÷ 0 ni 0, kwa kuwa sifuri maana yake hakuna kitu. Hoja hiyo inafaa kwa 0 ÷ 6: maembe hakuna, watoto sita, kila mmoja anapata sifuri. Ukigeuza, mambo hubadilika. Hakiki kwa kuzidisha: 6 ÷ 1 ni 6 kwa sababu 6 × 1 ni 6. Sasa tafuta namba ambayo ukiizidisha kwa 0 utapata 6. Haipo, kwa hiyo na jibu halipo. Kwa mtoto mdogo, bora mfano wa kikapu chenye maembe sita: toa maembe sifuri, toa tena sifuri, yatakwisha lini? Hata kikokotoo cha simu hakitakupa 0.