Cyclone Taylor: yanayosimuliwa na yaliyotokea

Ukimtaja Fred Taylor, aliyepewa jina la utani Cyclone, mbele ya mtu anayeijua historia ya hoki ya barafuni, ataanza na goli la kinyumenyume, kisha ataingia kwenye mshahara. Hadithi hizo mbili zina zaidi ya miaka mia, na kila msimulizi ametia chumvi yake, mpaka mchezaji mwenyewe amefunikwa. Mimi namwona Taylor wa kweli kuwa mtu wa kuvutia zaidi kuliko yule wa hadithi.

Dhana: hoki ya kulipwa ilianza na NHL.

NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, iliundwa Montreal mwezi Novemba 1917. Taylor alikuwa ameshapita miaka 30, na hakuwahi kucheza katika ligi hiyo hata mechi moja. Ligi ya kwanza iliyowalipa wachezaji wa hoki waziwazi ilianza mwaka 1904, na kitovu chake hakikuwa Kanada. Kilikuwa Houghton, mji wa machimbo ya shaba jimboni Michigan, Marekani, ambako daktari wa meno aliyetoka Ontario, John Gibson, alikuwa mstari wa mbele kuianzisha. Timu zilikuwa tano na wachezaji wengi walikuwa Wakanada. Sababu inaeleweka: vyama vya Kanada vilishikilia mchezo wa ridhaa, yaani usio na malipo, na aliyebainika kupokea fedha alifungiwa. Mkanada aliyetaka kulipwa kwa mchezo wa kwao alivuka mpaka.

Taylor alivuka mwaka 1906, kwa dola 400 na gharama za matumizi kwa sehemu ya msimu iliyobaki. Houghton wakatwaa ubingwa mwaka huo na mwaka uliofuata. Ligi ikafa 1907, kwa kuwa timu za Kanada nazo zilikuwa zimeanza kulipa na wachezaji wakarudi nyumbani.

Dhana: zama za ridhaa mchezaji alikuwa huru, utumwa uliletwa na fedha.

Hii ndiyo dhana inayoniuma zaidi, kwa sababu maisha ya Taylor yanaonyesha kinyume chake. Kijana huyu alikulia Listowel, mji mdogo wa Ontario. Mwaka 1904 aliitwa Toronto kuichezea Marlboros, akakataa. Hakuwa amevunja sheria yoyote. Alikataa tu kuhama. Chama cha hoki cha Ontario kikamfungia, na msimu mzima ukapita bila yeye kucheza. Hakuwa na mkataba wa kumlinda wala mahali pa kukata rufaa. Ilimbidi aende mbali, Manitoba, ndipo apate timu, na kutoka huko ndiko Houghton walikomchukua. Mkataba wa fedha ulimpa kitu ambacho ridhaa haikumpa: nafasi ya kusema ndiyo au hapana na jibu lake likaheshimiwa.

Hata hivyo, halikuheshimiwa daima. Timu yake ya Renfrew ilipovunjwa mwaka 1911, haki za kumsajili zilikwenda kwa Wanderers wa Montreal bila yeye kukubali. Akakataa tena, na karibu msimu wote wa 1911–12 ukapotea.

Dhana: alilipwa dola 5,250, kwa hiyo wachezaji wa zamani walikuwa matajiri.

Kiasi hicho ndicho kinachotajwa kwa msimu wa 1910 pale Renfrew, mji mdogo wa Ontario uliokuwa na timu ya tajiri wa migodi, M. J. O'Brien, na mwanawe Ambrose. Ligi ilikuwa na mechi 12 kwa kila timu, kwa takriban miezi miwili. Ukigawanya kwa mechi unaona kwa nini watu walishangaa. Lakini ulikuwa mshahara wa mtu mmoja, katika timu moja, kwa majira ya baridi moja tu. Msimu uliofuata ligi iliweka ukomo wa dola 5,000 kwa mishahara ya timu nzima! Na fedha zote zile hazikununua kombe: Renfrew walimaliza nafasi ya tatu, na Kombe la Stanley, taji kubwa la hoki, likaenda kwa Wanderers.

Dhana: alifunga goli akiteleza kinyumenyume uwanja mzima, mbele ya mashabiki wa Ottawa.

Taylor alikuwa amechukua Kombe la Stanley na Ottawa mwaka 1909, kisha akahamia Renfrew, na Ottawa hawakumsamehe. Kabla ya mechi ya Februari 12, 1910 zilienea habari kwamba ameapa kuwafunga akiwa amewapa mgongo. Siku yenyewe, kule Ottawa, hakufunga kabisa; wenyeji walishinda 8–5 katika muda wa nyongeza. Goli linalosimuliwa lilipatikana Machi 8, nyumbani Renfrew, katika ushindi wa 17–2. Gazeti la mji lilieleza kwamba alikuja mbele kama kawaida yake, akageuka, akateleza kinyumenyume kidogo, kisha akapiga. Kwangu hilo linatosha kabisa. Mtu aliyekuja kwa kasi, akageuka bila kupoteza kisahani (kinachochezwa badala ya mpira) kwenye gongo lake na bado akafunga, hahitaji kuongezewa mita 50.

Dhana: alikuwa mshambuliaji siku zote.

Sifa zake Ottawa alizipata akiwa beki anayepanda. Vancouver, alikohamia mwaka 1912, walimpeleka mbele, akawa mfungaji hatari: magoli 32 katika mechi 18 msimu wa 1917–18. Kombe la pili la Stanley alilipata huko mwaka 1915, dhidi ya Ottawa ileile.

Dhana: aliishi kwa hoki.

Ottawa walipomchukua mwaka 1907, kazi serikalini, katika idara ya uhamiaji, ilikuwa sehemu ya makubaliano. Hakuiacha. Alipohamia Vancouver alikuwa ofisa wa uhamiaji mchana na nyota usiku. Wanaomwandikia sifa huruka mwaka 1914, meli ya Komagata Maru ilipofika Vancouver na abiria 376 kutoka India, wengi wao Masingasinga wa Punjab. Taylor alikuwa miongoni mwa maofisa waliopanda kuikabili. Serikali iliwazuia melini miezi miwili, ikaruhusu wachache tu kushuka, wengine wakarudishwa. Huwezi kueleza maisha yake ya kazi ukaliacha hilo nje, maana kazi hiyo ndiyo iliyomlisha muda mrefu kuliko gongo. Alipanda hadi kuwa kamishna wa uhamiaji wa British Columbia na Yukon. Mechi yake ya mwisho ilikuwa msimu wa 1922–23. Ofisini alistaafu mwaka 1950.