Je, wajua jinsi mfungwa alivyopewa kazi ya kupima nchi aliyofungwa?

Februari 1800 meli iitwayo Friendship ilitia nanga Sydney, ikiwa imejaa wafungwa kutoka Ireland. Wengi wao hawakuwa wezi. Walikuwa watu wa uasi wa 1798, mwaka ambao Waireland walichukua silaha kujaribu kuung'oa utawala wa Uingereza, wakashindwa vibaya. Kati yao alikuwemo James Meehan, kijana wa miaka ishirini na kitu.

Mwaka 1803 Meehan huyo alipewa msamaha wa masharti. Mwaka 1806 akapata msamaha kamili. Kabla ya hapo alikuwa ameshazunguka kwa miguu ghuba ambayo leo jiji la Melbourne limekaa pembeni yake, daftari na dira mkononi. Inakuwaje serikali inamsafirisha mtu hadi upande wa pili wa dunia kwa sababu ni adui yake, halafu inamkabidhi kazi ya kuchora ramani ya koloni lake?

Jibu limo katika ardhi yenyewe. New South Wales, eneo la Australia ambamo Sydney imo, ilikuwa koloni la Uingereza lililoanzishwa 1788 kwa ajili ya wafungwa, lakini lilikuwa haliwezi kujilisha bila mashamba. Gavana aligawa ardhi kwa maofisa, kwa askari na kwa wafungwa waliomaliza vifungo. Shamba lisilopimwa halina mpaka, na lisilo na mpaka huzaa ugomvi. Kila hati ilihitaji mtu wa kwenda porini na mnyororo wa kupimia, ule wa pingili 100 wenye urefu wa mita 20 hivi, auburute juu ya mawe na vijito, aandike pembe na umbali, kisha arudi kuchora. Watu wa kazi hiyo walikuwa wakihesabika kwa vidole. Mpima ardhi mkuu, Augustus Alt, alikuwa mzee na mgonjwa. Mzigo ulimwangukia mpima ardhi mwingine, Charles Grimes, na Grimes alikuwa mtu mmoja tu.

Meehan aliijua kazi ya upimaji. Miezi michache tu baada ya kushuka melini alikuwa tayari yuko chini ya Grimes. Kwenye karatasi bado alikuwa mfungwa. Porini alikuwa msaidizi ambaye bila yeye kazi ingelala.

Hapa inafaa kueleza msamaha wenyewe ulivyokuwa, kwa sababu watu wengi hudhani ulikuwa tendo la huruma. Tangu 1790 gavana alikuwa na mamlaka kutoka London ya kufuta au kupunguza hukumu. Alikuwa na ngazi kadhaa za kumpandisha mtu. Chini kabisa, kuanzia wakati wa Gavana Philip Gidley King, kulikuwa na karatasi ya ruhusa iliyomwezesha mfungwa kujitafutia kazi na kujilipia maisha yake. Juu yake kulikuwa na msamaha wa masharti: uko huru, ila usirudi Uingereza wala Ireland hadi hukumu yako iishe. Kileleni kulikuwa na msamaha kamili, na mwenye nao aliweza kupanda meli na kwenda atakako. Fedha taslimu zilikuwa adimu sana katika koloni lile. Uhuru gavana alikuwa nao tele, na kuutoa hakukumgharimu hata senti. Mimi nauona msamaha wa Meehan kama mshahara, tena mshahara aliotoka jasho kuupata.

Jasho kubwa lilimtoka katika safari ya mwisho wa 1802. Mwaka huo nahodha Mfaransa Nicolas Baudin alikuwa amekaa Sydney miezi kadhaa na meli zake za utafiti. Alipoondoka, zikazuka tetesi kwamba Wafaransa wanataka kujitwalia sehemu ya Van Diemen's Land, kisiwa kinachoitwa Tasmania siku hizi. Gavana King akashtuka. Akatuma chombo kidogo, Cumberland, chini ya luteni kijana Charles Robbins, kimfuate Baudin. Grimes akapandishwa humo ili apime kisiwa cha King, kilichoko kati ya bara na Tasmania, na ghuba ya Port Phillip, ileile ya Melbourne, na Meehan akaenda naye.

Walimkuta Baudin kisiwani King, Desemba 1802. Robbins akapandisha bendera ya Uingereza juu ya mti, karibu na mahema ya wanasayansi wa Kifaransa, na kwa haraka yake akaifunga juu chini. Baudin alimwandikia King kwamba alipoiona kwanza alidhani ni kitambaa kilichochujiwa maji kikaanikwa kikauke. Mwasi wa Ireland alikuwa katika msafara huo wa kulinda dai la Uingereza, dola ileile aliyoshutumiwa kuipinga kwa silaha miaka 4 tu nyuma. Sidhani kuna siku iliyoonyesha wazi zaidi jinsi koloni lilivyomhitaji.

Januari 1803 waliingia Port Phillip. Kwa majuma kadhaa waliizunguka ghuba nzima, wakitembea ufukweni na kukatiza bara. Mwanzoni mwa Februari wakaufikia mdomo wa mto mkubwa, wakapanda nao kwa mashua hadi palipo na maporomoko madogo yanayoitwa Dights Falls leo. Wurundjeri, watu wa eneo hilo, waliuita mto huo Birrarung kwa vizazi visivyohesabika. Jina la Yarra lilikuja 1835, baada ya mpima ardhi mwingine kuyaelewa vibaya maneno ya wenyeji. Kwa hiyo ukisoma kwamba msafara wa Grimes "uligundua" mto ule, jua kuwa uliuingiza kwenye karatasi za Waingereza, basi. Msafara wenyewe ulikutana na wenyeji njiani.

Tunaifahamu safari hiyo siku kwa siku kwa sababu watu wawili waliandika: mtunza bustani James Flemming, na Meehan. Flemming alipendekeza mahali pa mto huo, wenye maji yasiyo na chumvi, kuwa panafaa zaidi kwa makazi. Grimes hakuvutiwa. Mwaka huohuo Uingereza ilileta walowezi na wafungwa wakatua Sullivan Bay, karibu na mlango wa ghuba, penye maji haba, na baada ya miezi michache wakapakimbia. Ilichukua zaidi ya miaka 30 watu wengine kuja kujenga kando ya mto ule, na hapo ndipo Melbourne ilipoanzia.

Cumberland ilirudi Sydney Machi 1803, na msamaha wa masharti ulikuja mwaka huohuo. Grimes naye akaondoka kwenda Uingereza kwa likizo ndefu, na kazi nyingi ya upimaji ikamwangukia yule aliyekuwa mfungwa wake. Machi 1804 wafungwa wa Ireland waliasi tena, safari hii Castle Hill, nje kidogo ya Sydney, wakapigwa risasi na viongozi wao wakanyongwa. Meehan aliendelea kupanda ngazi. Wengine wangemwita msaliti. Mimi siwezi. Alikuwa na ujuzi mmoja wa kumtoa kifungoni, akautumia.

Akiwa huru hakupumzika. Chini ya Gavana Lachlan Macquarie alikuwa naibu mpima ardhi mkuu, na mwaka 1811 alipima mitaa ya Hobart, mji wa Tasmania, ambayo hadi leo inafuata mistari hiyo. Mwaka 1818 aliongoza safari kusini-magharibi mwa Sydney pamoja na Charles Throsby na kijana Hamilton Hume. Throsby akakata kwenda pwani ya Jervis Bay akiongozwa na wenyeji, Meehan akasonga mbele na kufika ziwa lililoitwa Bathurst na tambarare za Goulburn.

Alilipwa pia kwa ardhi. Shamba lake aliliita Macquarie Fields, kwa heshima ya gavana, na jina hilo bado ni la kitongoji cha Sydney. Ardhi hiyo ilikuwa ya Wadharawal, wenyeji wa eneo hilo, ambao hakuna aliyewauliza mpaka upite wapi. Meehan alifariki 1826. Madaftari yake ya porini, yenye pembe na umbali alizoandika kwa mkono, yamehifadhiwa katika nyaraka za jimbo la New South Wales.