Je, wajua kwa nini tangi la mafuta la gari la zamani huoza kutoka ndani?

Tangi la Land Rover Series au Volkswagen Beetle likianza kuvuja, lawama huenda kwa mawe na tope la barabarani. Lakini mara nyingi tundu lilianza ndani, na chanzo chake ni hewa iliyokaa juu ya petroli.

Mchana hewa hiyo hupanuka kwa joto na kutoka kupitia tundu la kupumulia. Usiku hunywea, na nyingine yenye unyevu huvutwa ndani. Chuma kikipoa, unyevu unakuwa matone, yanateleza na kutulia chini kabisa, kwani lita ya petroli ina gramu 740 hivi na ya maji 1,000. Hapo ndipo kutu hula, hasa kwenye mishono. Petroli yenye ethanoli (aina ya alkoholi) hunyonya maji pia, na yakizidi hujitenga pamoja na ethanoli na kuzama. Ndiyo maana gari lililoegeshwa kwa miaka likiwa na robo tangi huharibika kuliko lililoegeshwa likiwa limejaa.

Dalili ni unga mwekundu kwenye chujio na gari kukosa nguvu mlimani. Ila gari likizima baada ya mwendo mfupi, ukafungua mfuniko ukasikia hewa ikivutwa, kisha likawaka, tangi halina kosa: tundu la kupumulia limeziba.

Kabla ya kulishika tangi, jua kwamba tupu ni la hatari kuliko lililojaa. Kinacholipuka ni mvuke wa petroli ukifika kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa, na cheche moja inatosha. Maji ya moto na sabuni, mara kadhaa, ni mwanzo tu, kwa sababu petroli hujificha chini ya kutu na ndani ya mishono. Kuchomelea mwachie fundi mwenye uzoefu wa matangi, anayelichemsha au kulipuliza mvuke wa maji kwanza. Akikuambia maji ya bomba yanatosha, chukua tangi lako uondoke.

Kutu nene huvunjwa kwa kutikisa ndani mnyororo mwembamba wa mita moja au mbili, uliofungwa waya wa kuuvutia nje. Kokoto usitumie, hukwama nyuma ya vigawanyo, yaani bati zinazogawa tangi ndani. Kutu inayobaki iondoe kwa umeme, tangi likiwa limeoshwa vizuri na liko nje. Jaza maji yenye kijiko kikubwa kimoja cha soda ya kufulia kwa kila lita 4. Ning'iniza fimbo ya chuma cha kawaida kwenye mdomo wa tangi bila kugusa ukuta wake, unganisha chanya ya chaja ya volti 12 kwenye fimbo na hasi kwenye tangi, kisha ndipo uwashe. Acha saa 24. Ukikosea nyaya, utakuwa unalila tangi lenyewe. Chuma kisichoshika kutu kisitumike, maana hutoa kromiamu yenye sumu. Na hapo pia hutoka haidrojeni, gesi inayolipuka, kwa hiyo sigara mbali.

Ukishamwaga maji, kutu mpya hutokea ndani ya dakika chache. Suuza kwa nusu lita ya spiriti, mwaga, puliza hewa baridi, kisha zungusha oili kidogo.

Kupima uvujaji, ziba matundu yote, tia hewa isiyozidi psi 2 (kipimo cha shinikizo) kwa pampu ya baiskeli, na paka povu la sabuni. Kompresa italivimbisha tangi. Vitundu vya ncha ya sindano huzibwa kwa lehemu, kwa chuma kilichopashwa moto mbali na tangi. Mshono ukiwa umeoza kwa urefu, usihangaike na epoksi (gundi inayogandamana) ya kumimina ndani: ikipakwa juu ya kutu hubanduka na kuziba bomba. Tafuta tangi jingine.

Hapo ndipo wengi hupoteza pesa. Tangi la Beetle la kabla ya modeli ya 1968 hujazwa ukifungua boneti ya mbele. La baadaye lina mdomo unaotokea ubavuni mwa bodi. La Beetle za aina ya 1302 na 1303 lina umbo lake tofauti. Nenda na vipimo vya lako, kagua ndani kwa tochi iliyozibwa isitoe cheche, na usilipe mpaka liwe limepimwa kwa hewa. Likishafungwa, weka chujio la plastiki angavu kabla ya pampu na ulikague baada ya kilomita 50.