Nyumba ina joto? Anza na paa, kiyoyozi kisubiri

Wateja wengi wanaoniita kukarabati nyumba hapa Dar es Salaam huwa na orodha mkononi: kupanua sebule, kubadili vigae, kufunga kiyoyozi kila chumba, na kulificha paa ili nyumba ionekane ya kisasa. Shida yenyewe hutajwa mwisho, tukiwa tunaagana getini: "Ila usiku hatulali, joto. Na umeme wa LUKU haukai."

Kwangu hilo la mwisho ndilo linalopanda juu ya orodha. Nyumba nyingi za tofali na bati mjini hapa zina joto kwa sababu ya maamuzi machache ya mchoraji au fundi, na mengi kati ya hayo yanarekebishika bila kuvunja ukuta hata mmoja.

Tuanze na jua. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri halikai upande mmoja mwaka mzima. Tangu mapema Machi hadi Oktoba hivi linapita kaskazini mwetu, na miezi iliyobaki linapita kusini. Adhuhuri ya Juni liko kama digrii 60 kutoka upeo wa macho, na ya Desemba kama digrii 73. Yaani hata linapoinama zaidi, adhuhuri bado liko juu, na jua lililo juu ni rahisi kulizuia. Chukua dirisha la kimo cha mita 1.2 linalotazama kaskazini. Upenu wa sentimita 70, ukianzia usawa wa juu ya dirisha, unalifunika lote kwa kivuli adhuhuri ya Juni. Dirisha kama hilo likitazama kusini linaridhika na nusu ya upenu huo.

Mashariki na magharibi ndiko kwenye kazi. Saa kumi na moja jioni jua limeshuka, linaingia chini ya upenu wowote wa kawaida na kugonga ukuta moja kwa moja. Tofali la sementi la inchi 6 linalinywa joto hilo kisha linalitema ndani polepole. Ukuta uliochomwa alasiri ndio unaokunyima usingizi saa nne usiku, wakati nje kumeshapoa na watu wanapunga upepo barazani.

Ndiyo maana sina mapenzi na ramani za kununua mtandaoni. Siyo kwamba zimechorwa vibaya. Nyingine zimechorwa na watu wanaojua kazi. Ila aliyeichora hajui barabara yako iko upande gani. Fundi anaigeuza ili sebule itazame barabara, na chumba kikuu cha kulala, chenye dirisha lake pana la vioo, kinaangukia magharibi. Ramani hiyohiyo kwenye kiwanja cha ng'ambo ya barabara ingekuwa sawa kabisa.

Nyumba ikishasimama huwezi kuizungusha, kwa hiyo tunapanda juu. Paa ndilo linaloliona jua kutwa nzima, kuliko ukuta wowote. Bati la rangi iliyoiva, jeusi, kahawia au lile jekundu la damu ya mzee, hupita nyuzi 60 za sentigredi adhuhuri ya kiangazi. Chini yake kuna hewa iliyofungiwa, na chini ya hewa hiyo kuna dari ya jipsamu ambayo nayo inapata moto na kuumwaga juu ya kitanda chako. Ukitaka kuhakiki, saa tisa alasiri panda ngazi uguse dari kwa kiganja, kisha uguse ukuta wa ndani ambao jua haliufikii.

Dawa ya kwanza ni rangi. Rangi nyeupe ya paa ikiwa mpya hurudisha zaidi ya asilimia 70 ya nguvu ya jua. Nyeusi hairudishi hata asilimia 10. Kusafisha bati, kuondoa kutu na kupaka nyeupe ndiyo hatua yenye faida kubwa kwa gharama ndogo ninayoijua katika ukarabati wa nyumba za pwani. Wateja huipinga kuliko zote. Wanasema nyumba itaonekana kama ghala. Huwa najibu kwamba kutoka barabarani, kwa jinsi kuta za uzio zilivyo ndefu siku hizi, paa lenyewe halionekani. Asiyetaka nyeupe kabisa achukue kijivu cha mwanga au rangi ya maziwa. Atapoteza kiasi, ila bado yuko mbali na lile jeusi. Vumbi hulifubaza paa, kwa hiyo lioshwe kila mwaka na lirudiwe rangi linapochoka.

Ya pili ni karatasi ya alumini kati ya bati na dari. Hapa mafundi wengi wanakosea. Wanailaza juu ya dari, vumbi linaifunika, na ndani ya muda mfupi haina kazi. Karatasi hii inazuia joto la mnururisho, yaani lile linalosafiri kama miale kutoka kwenye bati la moto, na ili ifanye hivyo uso wake unaong'aa lazima utazame nafasi ya hewa. Ipigiliwe chini ya mbao za kenchi, zile zinazobeba bati, uso unaong'aa ukitazama chini, na isigusane na dari. Vumbi haliwezi kukaa kwenye uso unaotazama chini.

Ya tatu ni kuiachia hewa ya darini itoke. Siku hizi watu wanaziba chini ya upenu kwa mbao za plastiki au jipsamu, safi kabisa, bila tundu. Toboa matundu kwa mstari upenuni na uache njia karibu na kilele cha paa, hewa ya moto ipande na kutoka. Matundu yote yawekwe wavu imara. Popo wakihamia darini utatamani ungeacha joto.

Sasa hili la kuficha paa. Ni fasheni iliyoshika kasi: kuta zinapandishwa kulizunguka paa, nyumba inaonekana kama sanduku, picha inapendeza. Gharama yake haionekani kwenye picha. Kwanza upenu unapotea, kwa hiyo kila ukuta na kila dirisha linabaki uchi mbele ya jua na mvua ya masika. Pili, maji yote ya paa yanaelekezwa kwenye gata za ndani, nyuma ya ukuta. Majani yakiziba bomba, maji hayana pa kwenda isipokuwa darini kwako. Mteja aking'ang'ania, namchorea, ni nyumba yake, lakini nampa masharti: vivuli vya pekee juu ya kila dirisha, mabomba ya kushushia maji yawe mengi kuliko hesabu inavyodai, na pawe na tundu la dharura la kumwaga maji nje kabla hayajafika usawa wa dari.

Kwa nyumba ambayo tayari haina upenu, usimruhusu fundi amwage kanopi ya zege na kuichomeka kwenye ukuta wa tofali. Zege linaloning'inia linahitaji nondo zilizofungwa kwenye ringi bimu, ule mkanda wa zege unaozunguka kuta kwa juu. Likichomekwa kwenye tofali tu, siku moja litakuja chini pamoja na tofali. Weka kivuli chepesi: fremu ya chuma au mbao iliyofungwa kwa bolti kwenye linta (boriti ya zege iliyo juu ya dirisha), juu yake bati jepesi au mbao zilizopangwa kwa nafasi. Upande wa magharibi simamisha kivuli cha wima, mbali kidogo na ukuta. Tofali za matundu zinafaa sana hapo, kwa sababu zinakata jua na kupitisha upepo. Majengo ya Chuo Kikuu pale Mlimani, ya miaka ya 1960, yamejaa mbinu hizi, na wanafunzi wanapita chini yake kila siku bila kuinua macho.

Upepo nao. Pwani tunao wa kaskazi, Desemba hadi Machi hivi, unaovuma kutoka kaskazini mashariki, na wa kusi unaotawala katikati ya mwaka kutoka kusini mashariki. Chumba chenye dirisha ukuta mmoja tu hakiupati hata mmoja sawasawa, maana upepo hauingii mahali usipoweza kutoka. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo, Ilala na Magomeni zililijua hili: ukumbi unatoka mlango wa barazani moja kwa moja hadi uani, ukifungua milango miwili nyumba nzima inapumua. Sisi tukaja tukaziba ukumbi kwa choo cha wageni.

Katika ukarabati, mara nyingi inatosha kutoboa matundu juu ya milango ya vyumba ili hewa ivuke hata mlango ukifungwa usiku. Kelele zitapita pia, wenye watoto wadogo wapime wenyewe. Kisha madirisha. Dirisha la alumini la kusukuma hufunguka nusu tu. Umelipia mita moja na nusu ya upana, unapata sentimita 75 za upepo, na wavu wa mbu unapunguza tena. Dirisha la bawaba linafunguka lote. Luva za vioo, zile tulizozidharau na kuzing'oa, zinafunguka karibu zote, na unaweza kuziacha wazi kidogo mvua ikinyesha. Zinaingiza vumbi, sikatai.

Baada ya hayo ndipo tuzungumze kuhusu umeme. Feni ya dari hula wati 75 au pungufu. Kiyoyozi cha chumba cha kulala, kile cha BTU 12,000, hula karibu wati 1,000 kompresa inapofanya kazi. Feni haipunguzi joto la chumba, lakini upepo wake mwilini unakufanya ujisikie kama nyuzi mbili tatu zimeshuka. Simkatazi mtu kiyoyozi. Februari ya Dar, yenye unyevu ule, inaweza kumshinda mtu hata kwenye nyumba nzuri. Ninachoomba ni kiwe chumba kimoja au viwili, vilivyozibwa vizuri, chini ya paa ambalo limeshatibiwa, ili mashine ndogo itoshe. Paneli za sola nazo zije baada ya hapo, maana ukizifunga kabla ya kupunguza matumizi utanunua nyingi usizozihitaji.

Kuna wanaoniambia bora kubomoa na kuanza upya. Mara chache ni kweli: msingi umekaa vibaya, au kuta zina nyufa za mshazari zinazoendelea kupanuka. Vinginevyo ninawapinga. Kuzalisha tani moja ya klinka, malighafi kuu ya sementi, hutoa zaidi ya kilo 800 za hewa ya ukaa, na sementi peke yake inabeba asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Kuta zako zilishalipa gharama hiyo. Hata tukibomoa sehemu tu, milango ya mninga, nondo za madirisha na mbao za kenchi zisizo na mchwa zina wanunuzi, na tofali zilizovunjika zinaingia kwenye kifusi cha jamvi jipya, yaani chini ya zege la sakafu.

Tahadhari moja ambayo sitaki ipite: nyumba za zamani zilizoezekwa kwa asbesto. Ni zile bati nene za kijivu, kama sementi, zinazovunjika badala ya kupinda. Usizisugue, usizitoboe, usimpandishe kijana juu na msumeno. Nyuzi zake zikivutwa puani huleta saratani miaka mingi baadaye. Kuziondoa ni kazi ya watu wenye vifaa na utaratibu wa kuzitupa.

Maji, kwa ufupi, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Dar hupata kama milimita 1,100 kwa mwaka, kwa hiyo paa la mita za mraba 150, ukitoa robo inayopotea, linakupa zaidi ya lita 120,000. Tangi ndilo tatizo, kwani masika inaleta mengi kwa pamoja. Msanifu Beda Amuli alipobuni Soko la Kariakoo miaka ya 1970 aliifanya miavuli yake ya zege ipokee mvua. Sisi tunaendelea kuimwaga barabarani. Na acheni kuweka pevingi, vile vitofali vya zege vya kutandaza chini, uwanja mzima. Zinachemka mchana, zinairudishia nyumba joto, na maji yanakwenda kwa jirani. Upande wa magharibi acha udongo, panda mwarobaini au mwembe mita kadhaa kutoka kwenye msingi.

Mwisho, vibali. Ukigusa ukuta unaobeba mzigo, paa au ukubwa wa jengo, unahitaji kibali cha halmashauri, na michoro isainiwe na mtaalamu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Kupaka bati rangi, kufunga karatasi ya alumini na kubadili vioo huwa ni matengenezo ya kawaida, unaweza kuanza wiki ijayo.

Ukija kuonana na msanifu, picha za nyumba ulizozipenda mtandaoni zinaweza kusubiri. Njoo na ramani ya kiwanja inayoonyesha kaskazini, kumbukumbu ya umeme ulionunua kwa miezi sita, na jina la chumba ambacho hakuna mtu anayekubali kulala Februari.