Simbilisi aliyeacha kula: dhana potofu na ukweli wake

Simbilisi (guinea pig) akiacha kula, hesabu inakwenda kwa saa. Mnyama huyu hana mwili wa kufunga. Nyasi zinazoingia tumboni ndizo zinazosukuma zilizotangulia, na mwanzoni mwa utumbo mpana kuna kifuko kikubwa ambamo bakteria huchachua nyuzinyuzi na kumpatia nguvu. Nyasi zikikatika, utumbo hupunguza mwendo, bakteria wabaya huongezeka, gesi hujaa, tumbo huuma, na maumivu hayo humfanya azidi kugoma kula. Dhana nyingi zinazosambaa kuhusu hali hii zina ubaya uleule: zinampa mfugaji sababu ya kungoja.

"Amekichoka chakula hicho tu. Njaa ikimbana atakula."

Mbwa mzima mwenye afya anaweza kuruka mlo na asidhurike. Simbilisi hawezi. Akipitisha saa 12 bila kutia kitu mdomoni, hiyo ni dharura tayari, na ni kosa kusubiri zitimie 24. Mwili uliokosa chakula huanza kuyeyusha mafuta yake na kuyapeleka kwenye ini kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyachakata. Ini likishajaa mafuta, hata ile hamu ndogo iliyokuwa imebaki hutoweka.

Ndiyo maana simbilisi mnene yuko hatarini zaidi, ingawa watu hudhani ana akiba ya kumvusha siku mbili tatu. Aliye hatarini kuliko wote ni jike mnene mwenye mimba iliyo katika wiki mbili za mwisho, au aliyezaa ndani ya wiki moja iliyopita. Huyu akisusa chakula na kuzubaa, apelekwe kwa daktari wa wanyama siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

"Bado anakimbilia bakuli, kwa hiyo hamu ipo."

Mtazame kwa karibu. Anachukua jani, analizungusha mdomoni, kisha analidondosha. Anachagua vilivyo laini na kuacha nyasi kavu. Kidevu kimelowa mate. Huyu ana njaa, ila mdomo unamuuma au hauwezi kutafuna.

Simbilisi ana meno 20, na yote hukua maisha yake yote: manne ya mbele na 16 ya nyuma. Asipotafuna nyasi za kutosha, magego hayasagiki sawasawa. Ya chini huinamia ndani na yanaweza kukua hadi yakaufunika ulimi, mnyama akashindwa kumeza. Kuna wanaoinua mdomo wa juu, wakaona meno ya mbele yamenyooka, wakatulia. Meno ya mbele hayakwambii lolote kuhusu magego. Mdomo wa simbilisi ni mwembamba na mashavu yake hujikunja kwa ndani, hivyo daktari huhitaji kifaa chenye taa, mara nyingi na dawa ya kumtuliza, na picha ya eksirei ili kuona mizizi. Usimkate meno nyumbani kwa kikata kucha; jino hupasuka kuelekea kwenye mzizi na jipu hufuata.

Meno yakionekana salama, sababu ni lazima itafutwe kwingine. Mkojo wenye damu au kilio anapokojoa huashiria mawe kwenye kibofu au maambukizi ya njia ya mkojo. Pua inayotoa ute pia ni jambo zito, kwa sababu simbilisi hupumua kwa pua. Ikiziba, kula kunakuwa kazi, na nimonia huwa haiko mbali.

"Anatoa kinyesi, basi anakula."

Punje za leo zinaweza kuwa chakula cha jana. Kinyesi kikishapungua, tatizo limeshakaa. Angalia pia umbo: punje ndogo, kavu, zilizochongoka upande mmoja, ni dalili kwamba kinachoingia ni kidogo mno.

Kipimo cha kuaminika ni mizani ya jikoni inayosoma gramu. Mpime asubuhi, wakati uleule, kabla ya mboga, na uandike. Wengi wazima huwa kati ya gramu 700 na 1,200. Tofauti ya gramu 20 au 30 kati ya siku na siku ni kawaida. Ni chakula na mkojo tu. Akipoteza 50 ndani ya siku chache, mchunguze kwa makini. Akipoteza asilimia 10 ya uzito wake, usijadiliane na mtu, mpeleke kwa daktari.

"Mpe maji ya sukari, juisi au mtindi apate nguvu."

Sukari hulisha bakteria walewale usiotaka waongezeke, na gesi huzidi. Mtindi nao ni wa jamii ya maziwa, chakula ambacho simbilisi mzima hana matumizi nacho. Anachohitaji ni nyuzinyuzi. Maji matupu yana kasoro nyingine: hayana cha kuusukuma utumbo, na kwa kuwa ni mepesi huponyoka upesi kuingia kwenye njia ya hewa.

"Kumlisha kwa bomba la sindano ni kumtesa, na mgonjwa akilishwa anakufa."

Dhana hii inahitaji maelezo marefu, kwa sababu ina chembe ya ukweli. Kulisha vibaya kunaua kweli, na kulisha tumbo lililojaa gesi kunaua pia. Lakini kulisha vizuri ndiko kunakowavusha wengi wakati daktari anaishughulikia sababu.

Anza kwa kushika tumbo. Likiwa laini na mnyama ametulia, endelea. Likiwa limevimba na kukaza kama ngoma, huku amejikunja na kusaga meno, usimpe chochote kwa mdomo. Gesi imenaswa, au utumbo umeziba au kujipinda, na hapo kinachohitajika ni daktari mara moja. Dawa ya gesi ya watoto wachanga haitafungua utumbo uliojipinda.

Kisha gusa masikio na miguu. Joto la kawaida la simbilisi ni kati ya nyuzi 37.2 na 39.5 za Selsiasi. Akiwa wa baridi, mpashe moto kwanza: jaza chupa maji ya uvuguvugu, izungushie taulo, iweke upande mmoja wa makazi yake ili aweze kusogea akizidiwa na joto. Utumbo wa mwili uliopoa haufanyi kazi, na chakula kitalala humo.

Chakula bora ni unga maalumu wa kuwalisha wagonjwa walao majani, unaopatikana kwa madaktari wa wanyama. Ukikosekana, tumia peleti (punje za chakula kilichoshindiliwa) za kawaida za simbilisi, zisizochanganywa na mbegu wala matunda makavu. Loweka vijiko 3 vya peleti katika vijiko 6 vya maji ya moto kwa dakika 15 hadi 20, ponda, kisha chuja kwa chujio. Ongeza maji kidogo kidogo hadi upate rojo linalopita kwenye bomba bila kusukumwa kwa nguvu. Lipe likiwa vuguvugu. Linalobaki liwekwe kwenye friji na litupwe baada ya saa 24.

Kiasi ni mililita 50 hadi 80 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Simbilisi wa gramu 900 atahitaji mililita 45 hadi 72. Ukigawa mara 5 au 6, usiku ukiwemo, kila mlo unakuwa wa mililita 8 hadi 14 hivi. Siku ya kwanza anza na 5 kwa mlo, uone anavyopokea. Anayekula kidogo mwenyewe hupunguziwa.

Tumia bomba la sindano la mililita 1, bila sindano yake. Kata ncha nyembamba ili tundu liwe pana, kisha sugua ukingo mpaka usikwaruze. Mabomba makubwa yanavutia kwa kuwa yanaokoa muda, lakini ni magumu kuyatawala. Kidole kikiteleza tu, kinywa chote kimejaa.

Mketishe kwenye mapaja juu ya taulo, mgongo wake ukigusa tumbo lako, miguu yote minne ikiwa chini na kichwa kimelala sawa. Mzungushie taulo bila kumbana kifua, maana asipotanua kifua hapumui. Usimlaze chali hata kidogo. Ingiza bomba kutokea ubavuni mwa mdomo, kwenye pengo lililo nyuma ya meno ya mbele, ukilielekeza shavu la upande wa pili, si kooni moja kwa moja. Toa mililita 0.2 hadi 0.5, kisha subiri. Taya likianza kutembea na koo likameza, ongeza. Mlo mmoja unaweza kuchukua nusu saa, na hakuna njia ya mkato iliyo salama.

Kinachoharibika mara nyingi ni hiki: rojo lina kipande, bomba linaziba, mlishaji anasukuma kwa nguvu, kipande kinachomoka na mililita nzima inafyatuka ndani. Bomba likiziba, litoe mdomoni kwanza, lizibue pembeni, uchuje upya. Akikohoa au rojo likitokea puani, acha kulisha, mwinamishe kichwa chini, mpanguse, umwache apumue. Baada ya hapo akipumua kwa taabu au akitoa sauti ya kukwaruza, mwone daktari, kwani chakula kilichoingia mapafuni huleta nimonia.

Mwisho wa mlo mpe mililita 1 au 2 za maji na umfute kidevu. Rojo likikaukia hapo, ngozi huchubuka.

"Kuna antibiotiki zilizobaki nyumbani, zitamsaidia."

Zinaweza kumwua. Penisilini, ampisilini, amoksisilini, linkomaisini na klindamaisini, hasa zikipewa kwa mdomo, hufyeka bakteria wazuri wa utumbo wa simbilisi. Nafasi yao huchukuliwa na bakteria watoao sumu. Kuhara na kifo vinaweza kufuata ndani ya siku chache. Dawa ambayo mtoto hupewa bila wasiwasi ni sumu kwa mnyama huyu. Zipo antibiotiki anazozivumilia, kama enrofloksasini, ila dozi hupigiwa hesabu kwa uzito wake na daktari anayewajua simbilisi. Ukiandikiwa antibiotiki, uliza kwa jina kama ni mojawapo ya hizo hatari. Hilo ni swali la haki, na daktari mzuri hatakasirika.

Dawa za maumivu za binadamu nazo usimpe. Omba daktari ampe za kwake, na usikubali maumivu yachukuliwe kuwa jambo dogo, kwa sababu simbilisi anayeumwa huacha kula.

"Vitamini C ipo kwenye maji yake, inatosha."

Simbilisi hawezi kujitengenezea vitamini C, sawa na binadamu. Akiikosa hupata kiseyeye: viungo huvimba, hutembea kwa shida, fizi hutoka damu, na hamu ya kula ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuondoka. Ile iliyotiwa kwenye chupa ya maji huharibika haraka kwa mwanga na hewa, na ladha yake huwafanya wengine wapunguze kunywa. Peleti zilizokaa miezi mitatu tangu zitengenezwe nazo zimepoteza sehemu kubwa ya vitamini yake.

Mwenye afya anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo kwa siku. Kwa mgonjwa madaktari huongeza, mara nyingi hadi 50 au zaidi. Saga kidonge cha vitamini C pekee na uchanganye na mililita ya kwanza ya rojo, ili uwe na hakika ameimeza. Epuka vidonge vya vitamini mchanganyiko, maana vitamini A na D zikizidi humdhuru.

"Mtenge na mwenzake apumzike."

Isipokuwa daktari ameona maambukizi, au mwenzake anampiga, kumtenga kunamwongezea huzuni na kumpunguzia hamu. Kuona mwenzake akitafuna humshawishi naye atafune. Shida ni kwamba hutajua nani amekula na kinyesi ni cha nani. Gawanya makazi kwa wavu ili waonane na kunusana, kila mmoja akiwa na nyasi zake.

"Ameanza kula, amepona."

Kutafuna kitawi cha kotimiri mbele yako si kula. Angalia kama nyasi zinapungua kwenye rundo, kwa sababu mgonjwa wa meno hurudia mboga laini kwanza na kuziacha nyasi. Endelea kumpima kila siku. Uzito ukisimama au kupanda kwa siku mbili tatu mfululizo huku anakula nyasi, ondoa mlo mmoja wa bomba, wa mchana kwanza, upime tena kesho yake. Ukishuka, rudisha mlo ule, umpigie daktari, na umsomee uzito wa kila siku, mililita ulizompa na umbo la kinyesi, kwa sababu sababu iliyomwangusha bado ipo.