Kibakuli cha chini cha kruzi hakikuwa na utambi

Ukiiona kruzi, taa ya zamani ya Scotland yenye vibakuli viwili vya chuma, kimoja juu ya kingine, ni rahisi kudhani kila kimoja kiliwashwa. Sivyo. Kilichowaka ni cha juu tu. Cha chini kilikinga matone ya mafuta, yakarudishwa juu kutumika tena. Mara nyingi yalikuwa ya maini ya samaki, na harufu yake usiombe. Utambi ulikuwa kiini cha unyasi.

Kibakuli cha juu kilining'inizwa kwenye kipande cha chuma chenye meno: mafuta yakipungua, unakisogeza kiinamie utambi. Ufundi mzuri, ila ulisahaulika polepole baada ya mkemia Mskoti James Young kupata hataza (haki ya uvumbuzi) ya kutengeneza mafuta ya parafini kutokana na makaa ya mawe mwaka 1850.