Pikapu ya haibridi si dhaifu

Wenye pikapu kubwa wengi bado wanaamini kuwa haibridi, yaani gari lenye injini ya mafuta na mota ya umeme, ni ya kubana mafuta tu, na kwamba ukiifungia trela zito itakuangusha mlimani. Sivyo kabisa. Toyota Tundra ya haibridi, iliyosanifiwa upya kwa mwaka 2022, ina mota ya umeme kati ya giaboksi na injini ya V6 yenye turbo mbili. Kwa pamoja hutoa nguvu za farasi 437, wakati injini peke yake, bila umeme, huishia 389. Tena mota husukuma kwa nguvu tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, pale pale trela linapokuwa gumu kuondoka. Ila betri na mota zina uzito, na mzigo unaoruhusiwa kubebwa ndani ya gari hupungua kidogo. Anayebeba kuliko kuvuta asome kwanza kibandiko cha mlango wa dereva kinachoonyesha kikomo hicho.